Nani Kaipanga Orodha Hii?

Daktari wa mafunzo yuko zamu ya usiku katika hospitali ya CHUK, kwenye kilima kile kile cha Nyarugenge kinachobeba mtaa wa Kiyovu. Mgonjwa wake ana maambukizi yaliyosambaa mwilini (sepsisi), presha imeshuka, na swali linaonekana dogo: dripu kiasi gani, na kwa kasi gani? Anatoa simu, anaandika maneno manne ya Kiingereza kwenye kisanduku cha PubMed, na kufumba na kufumbua ana maelfu ya makala za utafiti, kumi kumi kwa ukurasa. Atasoma ngapi? Mbili tatu za juu, na zilizobaki atapitisha macho kwenye vichwa. Basi aliyeamua ipi ikae juu ameshaamua, kwa sehemu kubwa, daktari huyu atajifunza nini usiku huu.

Mwongozo huu ni wa mtu kama yeye: mwanafunzi wa udaktari au uuguzi, mfamasia, mwandishi wa habari za afya, hata ndugu wa mgonjwa anayependa kusoma. Kila mtambo wa kutafutia makala, unapopanga orodha, hujibu swali ulilojiwekea wenyewe, na mara nyingi swali hilo silo lako. Ukilijua swali lake, unaweza kuupangua mpango wake ukapanga wa kwako.

Tuanze na PubMed, maana ndiyo aliyoifungua daktari wetu. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland, na imekuwa bure kwa kila mtu tangu mwaka 1997. Kwa miaka mingi ilipanga makala kwa upya: iliyoingia jana inakaa juu ya iliyoingia juzi. Mpango huo ulikuwa wa kijinga kidogo lakini mnyoofu, kila mtu aliuelewa. Mwaka 2017 ulikuja mpango mwingine unaoitwa "Best match", na PubMed mpya ilipoanza rasmi mwaka 2020, huo ndio ukawa wa kawaida. Usipogusa kitu, ndio unaoupata.

Unafanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza kompyuta inahesabu jinsi maneno yako yanavyojitokeza katika kila makala, na neno adimu linapewa uzito kuliko neno la kila siku. "Kigali" linabeba zaidi kuliko "patients", kwa sababu la pili limo karibu kila mahali. Kisha makala 500 za kwanza zinachukuliwa na kupangwa upya na programu iliyofundishwa kwa kuangalia watumiaji waliopita walibofya nini. Inazingatia pia mwaka wa kuchapishwa, aina ya makala, na ni mara ngapi imefunguliwa. Kazi hiyo ilielezwa hadharani na watengenezaji wake mwaka 2018 katika jarida la PLoS Biology, na kusema kweli ni kazi nzuri: kwa maswali mengi inakupa kitu cha maana kwenye ukurasa wa kwanza. Ila tazama ni swali gani inalolijibu. Inauliza: watu walioandika maneno kama haya walivutiwa na nini? Wengi wa watu hao hawajawahi kukanyaga wodi ya hospitali ya wilaya ya Rwanda.

Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, inauliza swali jingine. Inasoma maandishi yote, inaangalia imechapishwa wapi na nani kaiandika, lakini inaipa uzito mkubwa idadi ya makala nyingine zilizoinukuu. Wazo hili lina historia ndefu. Eugene Garfield alilipendekeza mwaka 1955, na mwaka 1964 akatoa faharasa ya kwanza kubwa ya sayansi iliyoonyesha nani kamnukuu nani. Wala si wazo baya. Mwaka 2006, Elmer Bernstam na wenzake walilipima kwa kutumia orodha ya makala ambazo wataalamu wa upasuaji wa saratani walikuwa wameshaziteua kuwa muhimu. Mbinu zinazohesabu nukuu ziliziibua makala hizo vizuri kuliko mbinu zilizotegemea maneno peke yake. Kwa hiyo mtu akikuambia idadi ya nukuu haina maana, usimkubalie haraka.

Shida ni kwamba makala ni kama kibanda cha chakula chenye foleni: foleni yenyewe huita watu. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1968, kwamba katika sayansi mwenye sifa huongezewa sifa. Makala iliyo juu husomwa, inayosomwa hunukuliwa, na inayonukuliwa hupanda juu zaidi. Halafu kuna la pili ambalo wengi hulisahau: anayenukuu hasemi lazima kwamba anakubali. Makala inaweza kunukuliwa mara elfu na watu wanaoeleza kwa nini wamekataa kuifuata.

Rudi sasa kwenye dripu, maana hapo ndipo jambo hili linapogusa roho za watu.

Mwaka 2001 Emanuel Rivers na wenzake wa hospitali ya Henry Ford, Detroit, walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio la wagonjwa 263 wenye sepsisi kali. Waliotibiwa kwa mpango wa mapema wa maji mengi, dawa za kupandisha presha na vipimo vya kila mara walikufa asilimia 30.5 hospitalini, waliotibiwa kawaida, asilimia 46.5. Ilikuwa habari kubwa. Makala hiyo imenukuliwa maelfu kwa maelfu ya mara, ikaingia kwenye miongozo ya dunia nzima, na ukipanga kwa nukuu hadi leo utaikuta juu kabisa.

Lakini majaribio matatu makubwa yalikuja kuiangalia tena: ProCESS la Marekani na ARISE la Australia na New Zealand, yote ya mwaka 2014, kisha ProMISe la Uingereza mwaka 2015. Hakuna hata moja lililoona faida ya mpango ule juu ya matibabu ya kawaida ya wakati huo. Msomaji wa orodha ya nukuu anaweza asiyaone kwa haraka, kwa kuwa ni wadogo wa umri mbele ya mkongwe wa 2001.

Na hata hayo matatu yalifanyika kwenye hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Afrika Mashariki ilikuwa na jibu lake tayari, na lilitoka mapema zaidi. Jaribio la FEAST liliongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, Kenya, likafanyika katika hospitali sita: moja Kenya, moja Tanzania, nne Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa nasibu. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, ama ya albumini ama ya chumvi. Wengine hawakupewa maji ya haraka. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya maji, na asilimia 7.3 katika kundi lililokosa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake na kuchapishwa mwaka 2011. Kitu ambacho kila daktari alifundishwa kuwa kinaokoa, kwa watoto hawa kilikuwa kinaua.

Kwa watu wazima jibu lilitoka Lusaka, Zambia. Ben Andrews na wenzake walichapisha katika JAMA mwaka 2017 jaribio la wagonjwa 212 wenye sepsisi na presha ya chini, lililofanyika katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya huko. Waliofuatishiwa mpango wa maji na dawa za presha walikufa hospitalini asilimia 48.1, waliotibiwa kwa kawaida, asilimia 33.0. Zilinganishe na zile za Detroit. Ni kana kwamba mtu amezigeuza safu mbili za jedwali.

Sasa jiulize ni ipi kati ya hizi iliyo muhimu. Mwanahistoria wa tiba atajibu Detroit, na hatakosea. Daktari wetu wa zamu ya usiku anazihitaji FEAST na Lusaka kwanza, na Detroit akipata nafasi. Ila naye asizimeze nzima nzima. FEAST haikuwachukua watoto wenye utapiamlo mkali wala wenye kuharisha na kutapika, kwa hiyo mtu asije akamnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara akidai kasoma utafiti. Na wagonjwa wa Lusaka wengi mno walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Wodi yako je? Jedwali la kwanza la makala, lile linaloeleza washiriki walikuwa nani, ndilo linalojibu. Wasomaji wengi huliruka kukimbilia matokeo. Mimi nashauri lisomwe kabla ya muhtasari.

Kutafuta makala za namna hiyo kuna ufundi wake. Ukiandika "Rwanda" peke yake kwenye PubMed, mtambo hutafuta kila mahali, pamoja na anwani za waandishi. Utaletewa sokwe wa Virunga, na makala ambayo haina kingine cha Rwanda isipokuwa mmoja wa waandishi anafanya kazi Kigali. Andika Rwanda[tiab], bila nafasi katikati, na utaukaza msako kwenye kichwa, muhtasari na maneno-msingi ya waandishi tu. Ukikosa, panua kwa majirani. Maktaba ya Bethesda ina msamiati wake wa mada unaoitwa MeSH, ulioanza mwaka 1960, na ndani yake nchi zimewekwa kwa makundi: ukitumia mada ya "Africa, Eastern", Rwanda, Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi zinaingia kwa mpigo. Lakini Zambia wameiweka kundi la kusini! Aliyetafuta dripu kwa Afrika Mashariki tu, Lusaka imempita. Kwa hiyo tumia kundi kubwa, "Africa South of the Sahara", halafu chuja mwenyewe. Na ukiona matokeo ya ajabu, fungua ukurasa wa "Advanced": hapo PubMed inakuonyesha jinsi ilivyoyatafsiri maneno yako, na mara nyingine utagundua imeyapeleka kusikokuwa kwako.

Lipo na jambo la lugha. Rwanda ilisoma na kuandika tiba kwa Kifaransa miaka mingi kabla Kiingereza hakijashika shule kuanzia 2008, kwa hiyo sehemu ya maarifa ya zamani ya nchi hii imelala kwenye majarida ya Kifaransa. PubMed inayo baadhi yake. Utaitambua makala kama hiyo kwa kichwa chake kilichotafsiriwa Kiingereza na kuwekwa ndani ya mabano ya mraba. Muhtasari unaweza kuwa mfupi au usiwepo, ndiyo maana mtambo unaozingatia maneno huizamisha chini: haina maneno ya kutosha kupigania nafasi. Anayejua Kifaransa, na Kigali hawakosekani, anazo hazina ambazo mwenzake wa Nairobi hazioni.

PubMed haina kila kitu. Majarida mengi ya Afrika hayamo kabisa, au yamechelewa kuingia. Yatafute kwenye AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Kiafrika ulioanza mwaka 1998. Huko liko jarida la tiba la Rwanda na lile la Chuo Kikuu cha Rwanda la tiba na sayansi za afya. Ubora wa makala za huko unapanda na kushuka, sitaficha. Lakini ukitaka kujua jambo dogo la hapa hapa, tuseme dawa gani za viuavijasumu zimekuwa zikishindwa katika maabara za hospitali za Rwanda, huko kuna nafasi nzuri zaidi ya kulikuta kuliko kwenye ukurasa wa kwanza wa mtambo wowote mkubwa.

Kuhusu kuzifungua makala zenyewe: asikuambie mtu kwamba huwezi mpaka ulipe dola 40. PubMed ni orodha na muhtasari. PubMed Central, ndugu yake, ina makala kamili za bure. Kwa zilizofungwa kuna Research4Life, ambayo sehemu yake ya afya, Hinari, ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Rwanda imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinaingia bure. Taasisi ndiyo inayojisajili, siyo mtu mmoja mmoja, kwa hiyo muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako akupe jina la kuingilia. Mara nyingi lipo, limekaa tu kwenye barua pepe ya mtu aliyestaafu.

Umri wa makala nao unahitaji akili yake. Hospitali ya CHUK imo katika historia ya tiba duniani kwa namna ambayo wapita njia wengi wa Kiyovu hawaijui. Mwaka 1983, ilipokuwa bado inaitwa Centre Hospitalier de Kigali, Philippe Van de Perre na wenzake waliwatambua humo wagonjwa 26 wa UKIMWI na wa hali zinazoutangulia. Makala yao ilitoka katika The Lancet mwezi Julai 1984, ikiwa kati ya za kwanza kabisa kuonyesha kwamba ugonjwa huu upo Afrika ya Kati miongoni mwa watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1991 kundi hilo likachapisha nyingine, kutoka Kigali hiyo hiyo. Waliwafuatilia akina mama 212 waliojifungua wakiwa hawana virusi, pamoja na watoto wao. Baadaye akina mama 16 waliambukizwa, na watoto wao 9 wakaambukizwa pia. Hapo ikawa vigumu kukana kwamba maziwa ya mama yanaweza kupitisha virusi.

Kwa umuhimu wa kihistoria, makala ya 1991 ina daraja la juu. Lakini msomaji wa leo akiisoma peke yake anaweza kumwambia mama mwenye virusi aache kunyonyesha, na hapo atakuwa amemdhuru mtoto. Tangu mwaka 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani umesimama juu ya dawa za kufubaza virusi: mama anayezitumia vizuri ananyonyesha, kwa sababu hatari ya mtoto kufa kwa kuhara na njaa ni jambo la kweli pia. Ndiyo maana kwa swali la tiba ya leo mimi huanza na mapitio ya kimfumo na miongozo, yaani kazi zinazokusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima pamoja. Cochrane, mtandao ulioanzishwa mwaka 1993 na kupewa jina la daktari Archie Cochrane, unajulikana zaidi kwa hilo. Kwenye PubMed ziko upande wa kushoto, kwenye vichujio vya aina ya makala: weka alama kwenye mapitio ya kimfumo na orodha ya maelfu inapungua ghafla. Kisha angalia mapitio hayo yalikomea kutafuta mwaka gani. Mapitio ya 2012 hayajui kitu kuhusu Lusaka ya 2017.

Upo wakati ambapo mpango wa zamani, upya kwanza, ndio pekee unaofaa. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Waliothibitishwa kuugua walifika 66 na waliofariki 15, wengi wa wagonjwa wakiwa wahudumu wa afya, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Wiki ile ya kwanza, aliyepanga kwa nukuu angejaziwa maabara za Ujerumani za 1967 na mlipuko wa Uíge, Angola, wa 2004 na 2005, ambako karibu kila aliyeugua alikufa. Ni kweli ni makala kubwa. Lakini za Uíge zilikuwa zinaeleza hospitali zisizo na kitu, na zilimtia mtu hofu kuliko maarifa. Aliyepanga kwa tarehe angekutana mapema na Kagera, ng'ambo ya mpaka, ambako Tanzania ilipata mlipuko wake mwaka 2023 na kuudhibiti. Na katika dharura kama hiyo ripoti za wizara na za Shirika la Afya Duniani hutangulia majarida kwa miezi. Hazimo PubMed, zifuate zilipo. Zipo pia makala zinazowekwa wazi kabla hazijapitiwa na wataalamu wengine, kwa mfano kwenye medRxiv tangu 2019. Zisome, lakini usizitibie mtu.

Malaria ni mfano wa aina hiyo uliotulia zaidi. Mwezi Agosti 2020 Aline Uwimana na wenzake walichapisha katika Nature Medicine kwamba vimelea vyenye badiliko la R561H, linalohusishwa na usugu dhidi ya dawa ya artemisinini, vimeonekana Rwanda: katika kituo cha Masaka, mashariki ya Kigali, sampuli 19 kati ya 257. Siku ilipotoka ilikuwa na nukuu sifuri. Kwa mtambo wa nukuu ilikuwa haina thamani. Kwa mpango wa malaria wa nchi yoyote ya ukanda huu ilikuwa habari ya mwaka. Kwa makala changa, basi, tazama swali lenyewe na mbinu, achana na umaarufu. Ukitaka namba ambayo haiwaonei wadogo, kuna chombo cha bure kinachoitwa iCite, cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kinachopima nukuu za makala kwa kuilinganisha na rika lake na fani yake. Nacho kinahitaji muda kidogo upite kabla hakijawa na la kusema.

Namba nyingine inayotajwa sana kwenye korido za vyuo ni ile ya jarida, wastani wa nukuu zinazopata makala zake za miaka miwili iliyotangulia. Ni namba ya jarida zima. Ndani ya jarida lenye namba kubwa zimo makala ambazo hakuna aliyezinukuu, na namba hiyo haikuambii iliyo mbele yako ni ipi. Usipange kwayo.

Jarida kubwa halizuii hata uongo. Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet ilichapisha uchunguzi kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini na UVIKO-19, ukidai kutumia takwimu za hospitali mamia katika mabara sita, Afrika ikiwemo, kutoka kampuni ya Surgisphere. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake. Wasomaji makini walianza kuuliza: hospitali gani za Afrika zenye rekodi za kompyuta za kina kiasi hicho? Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Ilidumu wiki mbili kasoro. Waliouliza swali hilo hawakuhitaji shahada ya takwimu, walihitaji kuijua hospitali ya kawaida ya Kiafrika ilivyo, na wewe unaijua. Makala iliyoondolewa haifutiki kwenye orodha. Inabaki na alama juu ya kichwa chake, PubMed huiweka kwa rangi isiyojificha. Kwenye nakala uliyotumiwa kwa WhatsApp alama hiyo haimo. Kabla hujaiamini PDF yoyote, chukua kichwa chake ukakiandike PubMed uone kama kuna onyo.

Hilo linafaa pia kwa majibu ya programu za akili unde ambazo siku hizi kila mtu anazo simuni. Zinajibu kwa ufasaha, zinapanga makala kwa umuhimu bila kusita, na mara nyingine makala hizo hazipo duniani. Kila makala iliyomo PubMed ina namba yake, PMID. Omba namba, iandike kwenye kisanduku, tazama kama inayofunguka ndiyo uliyoambiwa. Inachukua nusu dakika.

Kama wewe si mtaalamu, na umeingia humu kwa sababu mzazi wako amelazwa, pita mlango mwingine. Anza na miongozo ya Wizara ya Afya na kurasa za Shirika la Afya Duniani, kisha mihtasari ya Cochrane iliyoandikwa kwa lugha nyepesi. Ukikutana na utafiti unaokuhangaisha, usibadilishe dozi wala kusimamisha dawa, andika PMID na kichwa chake kwenye karatasi, na daktari akipita asubuhi umuulize: "Daktari, wagonjwa wa utafiti huu wanafanana na mama?" Swali hilo daktari mzuri analifurahia, na jibu lake litakupa zaidi ya utakachokipata kwa kusoma muhtasari mwingine kumi.

Na kwa anayeandika tasnifu: siku unayotafuta, andika kwenye daftari tarehe, maneno uliyotumia kama yalivyo, mtambo uliotumia, na mpangilio uliochagua. Hesabu za "Best match" zinaweza kubadilika, na makala mpya zinaingia kila siku, kwa hiyo maneno yale yale yanaweza kukuletea mpangilio tofauti mwezi ujao, na msimamizi wako akiuliza kwa nini makala fulani haimo, utataka kuwa na cha kumwonyesha. Kwa kazi ya namna hiyo usitegemee ukurasa wa kwanza hata kidogo: panga kwa tarehe, pakua orodha yote, na uzipitie moja moja, wewe na mwenzako, kila mtu peke yake, kabla hamjalinganisha mlizochagua.